Mtoto kiziwi asiyeona: bweni, kitengo cha kutwa au mwalimu wa kuja nyumbani?

Mzazi wa mtoto kiziwi asiyeona akitafuta huduma, mara nyingi hurudi nyumbani na ushauri wa aina tatu. Kituo cha upimaji kimemwandikia barua ya shule maalumu yenye bweni, pengine mikoa miwili kutoka kwao. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani amemwambia kitengo chake cha elimu maalumu kitampokea mtoto Jumatatu. Mfanyakazi wa mradi wa utengamao amemsihi amwache mtoto nyumbani, mwalimu atamfuata hukohuko. Hakuna anayedanganya kati yao. Kila mmoja anazungumzia huduma anayoijua, na hakuna aliyekaa na mtoto huyu siku nzima.

Tunalinganisha hapa njia hizo tatu kama zinavyopatikana Tanzania na Kenya. Msimamo wetu tunauweka wazi mapema: mtoto huyu hujifunza kwa mikono, kwa hiyo kinachoamua ni saa ngapi kwa siku mikono yake iko na mtu anayejua kuzungumza nayo. Jengo, jina la shule na hata vifaa huja baada ya hapo.

Kwanza: anaona nini, anasikia nini

Watoto wengi wanaoitwa viziwi wasioona hawako kwenye giza totoro na kimya kikuu. Wana masalia: mmoja anaona mkono ukiwa karibu na kifua, mwingine anasikia ngoma lakini si maneno. Masalia hayo ndiyo yanayoamua darasa gani litamfaa, na mzazi anaweza kuyachunguza nyumbani kabla ya kwenda kupimwa.

Kwa macho, kaa mbele yake mchana, umbali wa urefu wa mkono mmoja, mwanga ukikuangukia usoni na mikononi. Dirisha likiwa nyuma yako ataona kivuli tu. Vaa nguo ya rangi moja isiyofanana na ngozi yako. Shika kitu anachokipenda, kipeleke kushoto, kulia, juu na chini polepole, uandike anakipotezea wapi. Rudia saa ya magharibi. Rudia tena umbali wa hatua mbili.

Kwa masikio, wazazi wengi hudanganyika hapa. Mtoto anageuka mlango ukigongwa, nao wanasema anasikia, kumbe amehisi mtikisiko wa sakafu au upepo uliosukumwa na mlango. Mkalishe juu ya godoro au mkeka mzito, mtu asimame nyuma yake bila kumgusa, apige sufuria mara moja, anyamaze, kisha apige tena baada ya muda. Kama anaacha kunyonya, anatulia au anapepesa macho kila mara sauti inapotoka, andika. Huo ni usikivu.

Karatasi hiyo iende nawe kwenye kituo cha upimaji: Kenya ni EARC (kituo cha serikali cha upimaji na rasilimali za elimu) ya kaunti yako, Tanzania anza na afisa elimu maalumu wa halmashauri, naye ataelekeza kituo kilipo. Omba ripoti itaje umbali, upande na mwanga. Ripoti inayosema "haoni, hasikii" haimsaidii mwalimu chochote.

Ugumu wa ulemavu huu uko hapa. Mtoto asiyeona hufundishwa kupitia sikio, kiziwi hufundishwa kupitia jicho. Ukimpeleka kiziwi asiyeona kwenye kitengo cha wasioona, somo linapita kwenye sikio asilokuwa nalo. Kwenye kitengo cha viziwi, linapita kwenye jicho asilokuwa nalo. Ndiyo maana Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara ya 24, unawataja viziwi wasioona kwa jina lao, na kutaka wafundishwe kwa lugha na njia za mawasiliano zinazowafaa.

Vigezo vya kupimia

Tutapima kila njia kwa mambo sita: saa za mikono, alama (ishara za mikono na vitu vya kumtangazia shughuli) kubaki zilezile, afya na usalama, kujitegemea, gharama, na huduma kudumu. La kwanza lina uzito kuliko mengine yote, kwa hiyo tutalikalia zaidi.

Saa za mikono

Chukua daftari, gawa siku katika robo saa. Mtoto anayeamka saa 12 asubuhi na kulala saa 2 usiku ana saa 14 za kuwa macho, yaani robo 56. Kwa siku moja ya kawaida, andika kila robo: nani alimgusa, kwa kazi gani, na je, aliambiwa chochote mikononi mwake? Kumbeba na kumkalisha kimyakimya hakuhesabiwi. Kumlisha bila kumpa kijiko akiguse hakuhesabiwi.

Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa kila njia. Takwimu zifuatazo ni za mfano. Weka za kwako.

Bwenini, chukulia masomo ni saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana, saa 6, siku tano. Mwalimu akiwa na watoto watatu, kila mmoja anapata saa 2 za mikono, robo 8 kwa siku, 40 kwa wiki. Zinabaki robo 32 kila siku ya shule ambazo si za mwalimu: kuoga, kula, kucheza, kulala. Hizo ni za mhudumu wa bweni. Kama anajua alama na ana watoto kumi, mtoto wako anapata robo tatu hivi kwa siku, 21 kwa wiki. Jumla 61. Kama hajui alama, jumla ni 40, na Jumamosi na Jumapili ni sifuri.

Kitengo cha kutwa chenye uwiano uleule wa mwalimu kinatoa 40 hizohizo. Nyumbani, familia ikiongeza robo tano kwa siku, asubuhi na jioni, ni 35 zaidi. Jumla 75. Lakini vitengo vingi vya kutwa haviko hivyo: mwalimu mmoja ana watoto kumi na wawili wenye ulemavu tofauti, na kiziwi asiyeona, kwa kuwa hapigi kelele wala hakimbii, ndiye anayekaa kwenye mkeka hadi kengele ya kwenda nyumbani. Hapo 40 inashuka hadi 10.

Mwalimu wa kuja nyumbani mara moja kwa wiki, saa 2, anatoa robo 8. Wiki nzima ina robo 392. Kwa maneno mengine, mwalimu halisi ni mama, baba, bibi au dada anayebaki. Mama akigeuza shughuli kumi za kila siku (kuamka, kunawa, chai, kuvaa, choo na kadhalika) kuwa mazungumzo ya robo saa kila moja, anafikisha 70 kwa wiki, na mwalimu 8. Jumla 78. Asipofanya, jumla ni 8.

Tazama jinsi njia tatu zinavyokaribiana zikifanyika vizuri, na zinavyoachana mbali zikifanyika vibaya. Kwa hiyo swali la kuuliza shuleni ni hili: saa 11 jioni, mikono ya mtoto wangu iko na nani?

Nini hasa kinafanyika ndani ya robo saa hiyo? Chukua chai ya asubuhi. Mtu mzima anakaa ubavuni au nyuma ya mtoto. Anamgusa begani na kuacha mkono hapo kidogo, kisha anampa alama yake ya utambulisho, tuseme bangili, aipapase ajue ni nani. Analeta kikombe kitupu, kilekile cha kila siku. Mkono wa mtu mzima unashika kikombe, na mkono wa mtoto unapanda juu ya mkono huo, huru kutoka wakati wowote. Anafanya alama ya "kunywa" mikono ikiwa bado pamoja. Halafu anangoja, ahesabu kimoyomoyo hadi kumi au zaidi. Jibu linaweza kuwa kidole kinachokakamaa, kuegama mbele au kubadilika kwa pumzi. Likija, lijibiwe hapohapo: chai imiminwe. Akimaliza, kikombe kinawekwa na mikono yote miwili kwenye kapu la "imekwisha".

Kinachoharibu ni kumkamata kifundo cha mkono na kumsukumia vitu. Mtoto aliyefanyiwa hivyo kwa miezi hukunja ngumi na kuficha mikono kifuani, halafu faili lake linaandikwa "hapendi kuguswa". Ukitembelea darasa lolote, angalia mikono tu: nani yuko juu, nani yuko chini, na kuna kungoja au hakuna.

Alama kubaki zilezile

Mtoto huyu hana namna ya kusikia maelezo kwamba kitu kipya kina maana ya zamani. Nyumbani kuoga kunatangazwa kwa kumpa dodoki. Bwenini kunatangazwa kwa kopo la plastiki, au hakutangazwi kabisa, anastukia maji kichwani. Kwake hayo ni mambo mawili, na la pili linatisha.

Vitu vya kutangazia shughuli vinatoka kwenye kazi ya Jan van Dijk, aliyefanya kazi miaka ya 1960 huko Sint-Michielsgestel, Uholanzi, na watoto walioathiriwa tumboni na rubela, ugonjwa wa virusi ambao mama mjamzito humwambukiza mtoto. Vinapangwa kwenye sanduku la ratiba: vyumba vitatu kwanza, kisha vitano, kushoto kwenda kulia, na maboksi ya viatu yaliyofungwa pamoja yanatosha. Anza na kitu kimoja, ongeza cha pili pale tu mtoto anapokishika cha kwanza na kuelekea kwenye shughuli yake.

Kwa kigezo hiki huduma ya nyumbani ina nafasi nzuri, kwa sababu watu na vitu ni vilevile. Kitengo cha kutwa kiko katikati: daftari la alama likisafiri kila siku kwenye begi, nyumbani na shuleni vinakwenda sambamba. Bweni ndilo lenye kazi kubwa zaidi, na hatari yake iko pande mbili, kuingia na kutoka. Laura Bridgman, msichana kiziwi asiyeona wa Marekani, aliyepelekwa shule ya Perkins huko Boston mwaka 1837 akiwa na miaka 7, alijifunza lugha ya vidole vizuri sana. Alipomaliza akarudishwa nyumbani New Hampshire, ambako familia ilikuwa na kazi zake na muda wa kuzungumza naye mikononi haukuwapo. Alidhoofika hadi ikabidi arudishwe Perkins, akaishi huko mpaka kifo chake mwaka 1889. Jambo hilohilo huwapata watoto wetu likizoni, kwa kiasi kidogo: wanarudi na alama ishirini, nyumbani hakuna anayezijua, na muhula unaofuata mwalimu anaanza upya.

Dawa yake inajulikana. Shule nzuri ya bweni humwita mzazi akae siku kadhaa mwanzoni na mwishoni mwa muhula kufundishwa alama mpya. Isiyofanya hivyo, omba. Ikikataa, hiyo ni sababu tosha ya kutazama kwingine.

Afya na usalama

Chanzo cha ulemavu kinabadilisha uzito wa kigezo hiki. Mtoto aliyeathiriwa na rubela tumboni anaweza kuwa na tatizo la moyo, na ukubwani anaweza kupata glakoma au kisukari. Aliyeugua homa ya uti wa mgongo anaweza kuwa na kifafa. Mwenye sindromu ya CHARGE, hali ya kuzaliwa nayo inayogusa viungo vingi, anaweza kuwa na shida ya kumeza na kupumua. Kwa watoto kama hawa, uliza hospitali iliyo karibu na bweni iko umbali gani usiku, nani ana ufunguo wa kabati la dawa, na nani anaandika kila dozi. Nyumbani mama anajua dalili za kifafa kabla hakijaja, lakini kliniki inaweza kuwa mbali. Kitengo cha kutwa kina pengo la njiani: dawa ya mchana ikisahaulika, nani anajua?

Shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, ni kipimo kizuri cha umakini wa mahali popote. Kile kipande cha ndani ya sikio hutengenezwa kwa umbo la sikio la mtoto, naye anakua. Kwa mdogo hubadilishwa kila baada ya miezi michache. Kikianza kupiga mluzi, mara nyingi kimekuwa kidogo au kuna nta. Betri za hewa huisha ndani ya wiki moja hadi mbili, na zikishafunuliwa kijikaratasi zinaendelea kuisha hata kifaa kikiwa kimezimwa. Pwani, jasho na unyevu huua kifaa haraka, kwa hiyo usiku kikae kwenye chombo chenye kikaushio. Ukifika shuleni ukakuta shimesikio za watoto zimefungiwa ofisini "zisipotee", umepata jibu lako.

Sasa jambo ambalo watu hulikwepa. Mtoto asiyeweza kuona aliyemgusa wala kumwambia mtu kilichotokea yuko kwenye hatari kubwa ya kudhulumiwa, bwenini, njiani na nyumbani pia. Uliza bila aibu: nani anamwogesha, wa jinsia gani, mlango unakuwaje, nani wa pili yupo, usiku nani anaingia bwenini? Mfundishe alama za "hapana", "acha" na majina ya viungo vyote vya mwili, na kila anayemhudumia atii "acha" yake hata kwa mambo madogo kama kuchana nywele. Mtoto ambaye "acha" yake haisikilizwi kwenye nywele hatakuwa na sababu ya kuitumia kwenye hatari.

Kujitegemea

Hapa bweni lililopangwa vizuri huwa na nguvu. Vitanda havihami, njia ya choo ni ileile, na ratiba haibadiliki kwa sababu ya mgeni. Mtoto anafuata ukuta kwa mgongo wa mkono, kisha kamba iliyofungwa usawa wa kiuno chake kutoka mlangoni hadi chooni, kisha fimbo. Fimbo ya kiziwi asiyeona ni nyeupe yenye mikanda myekundu. Fundisha jirani na dereva maana yake, la sivyo watampigia honi wakitegemea asikie.

Nyumbani adui ni huruma. Mtoto wa miaka tisa bado anavalishwa kwa sababu ni haraka zaidi. Mwalimu wa kuja nyumbani anayejua kazi ataanza na hatua ya mwisho: mama anamvisha shati, mtoto anateremsha sehemu ya mwisho tu, wiki zijazo anateremsha kuanzia kifuani, na kuendelea. Kwenye kitengo cha kutwa, choo ndicho kinachoamua. Kama choo cha shule kina ngazi, foleni na maji sakafuni, watamwekea nepi, na mafunzo ya choo ya nyumbani yataharibika ndani ya mwezi.

Gharama

Ada ya masomo si mzigo mkubwa katika shule za serikali. Mzigo uko pembeni. Kwa bweni ni nauli ya watu wawili kwenda na mmoja kurudi kila muhula, vifaa vya kuripotia, betri, na safari za ghafla akiugua. Kenya ina mihula mitatu na Tanzania miwili, kwa hiyo hesabu safari zenu. Kwa kutwa ni usafiri wa kila siku: bodaboda inahitaji mtu mzima wa pili wa kumshika mtoto, na huyo mtu anarudi bila mtoto kisha anakuja tena. Kwa huduma ya nyumbani hakuna nauli, ila mama haendi sokoni wala shambani, na hilo ni pato lililopotea ambalo watu wa miradi husahau kulihesabu.

Vifaa havihitaji kuagizwa ng'ambo. Ubao wa mwangwi aliobuni Lilli Nielsen wa Denmark, unaomrudishia mtoto mdogo mtikisiko wa kila anachofanya, ni plywood ya milimita 4, mita moja na nusu kila upande hivi, iliyopigiliwa vipande vya mbao vya sentimita 2 chini pembezoni. Fundi seremala anaumaliza kwa siku moja. Plywood nene haitikisiki, na hapo ubao unakuwa meza tu.

Kudumu

Uliza kila mahali swali moja: mwalimu huyu akihamishwa, nani mwingine anajua kuzungumza na mtoto wangu? Kitengo cha kutwa ndicho dhaifu zaidi hapa, kwa sababu mara nyingi kinasimama juu ya mwalimu mmoja aliyesoma elimu maalumu katika chuo cha ualimu cha Patandi kwa Tanzania au taasisi ya elimu maalumu ya KISE kwa Kenya. Huduma ya nyumbani hufa mradi ukiisha au pikipiki ikikosa mafuta. Lakini alichojifunza mama hakiondoki. Shule maalumu hudumu, japo wahudumu wa bweni hubadilika kuliko walimu, na hao ndio wenye robo 32.

Uliza pia mwisho wa njia. Kenya ina mtaala wa hatua kwa wanafunzi wasiofuata madarasa ya kawaida, kutoka hatua ya msingi hadi ya ufundi. Uliza shule husika imefika hatua ipi na waliomaliza wanafanya nini sasa.

Kila njia inamfaa nani

Bweni linamfaa mtoto ambaye afya yake imetulia, ana alama za kwanza kadhaa, anaweza kuonyesha kwamba anaumwa au ana njaa, na kwao hakuna huduma nyingine ya karibu. Zaidi sana yule wa miaka minane na kuendelea anayehitaji breli, ufundi na wenzake. Shule kama ya watoto viziwi wasioona ya Kabarnet, kaunti ya Baringo, ina faida ambayo nyumba haiwezi kuitoa: mtoto anakutana na watu wengi wanaozungumza kwa mikono. Halimfai mtoto mdogo ambaye bado hajamtambua hata mtu mmoja kwa mguso. Huyo ukimtoa kwa mama unamtoa kwa lugha yake yote.

Kitengo cha kutwa kinamfaa mwenye masalia mazuri ya kuona au kusikia, anayeishi karibu, na ambaye shule imemtengea msaidizi wake. Dar es Salaam, Uhuru Mchanganyiko ni mfano wa shule iliyozoea kupokea watoto wenye ulemavu mbalimbali pamoja na wengine. Bila msaidizi, kitengo ni mahali pa kumlaza mchana.

Mwalimu wa nyumbani anamfaa mdogo, mgonjwa wa mara kwa mara, na familia yenye angalau watu wawili walio tayari kujifunza. Hamfai mtoto ambaye mlezi wake ni mmoja na amechoka kabisa. Kumpa mlezi huyo kazi zaidi kwa jina la mafunzo ni kumwonea.

Kwa hali yako

Mtoto chini ya miaka mitatu: nyumbani, karibu bila ubaguzi, pamoja na kliniki ya macho na ya masikio. Mtoto wa jicho (ukungu kwenye lenzi ya jicho) wa kuzaliwa nao usingoje umri wa shule. Ubongo ambao haukupata picha mapema haujifunzi kuona vizuri baadaye, hata upasuaji ukifanikiwa. Hakuna mwalimu wa karibu? Anza na kikombe, dodoki na bangili. Hizo tatu zinatosha mwezi wa kwanza.

Miaka minne hadi saba, kitengo kipo karibu: jaribu kutwa kwa siku mbili kwa wiki kwanza, mzazi akikaa darasani na daftari lake la robo saa. Robo zikifika nane kwa siku, ongeza siku. Zikiwa mbili, mwache nyumbani siku nyingi na umwombe afisa elimu maalumu msaidizi kwa barua, nakala ubaki nayo.

Miaka minane na kuendelea, hakuna chochote cha karibu: bweni, lakini kwa maandalizi. Nenda mkakae wote wawili siku mbili kabla ya kuamua. Andaa kurasa mbili za kumtambulisha: alama zake zote na zinavyofanywa, vitu vyake vya kutangazia, anachopenda, kinachomtisha, anavyoonyesha maumivu, dawa na dozi. Kikombe, dodoki na bangili ya kila mtu wa nyumbani viende naye sandukuni. Wahudumu wa bweni wapewe nakala, si mwalimu peke yake.

Mlezi yuko peke yake na ana kazi: kutwa ikiwezekana, kwa sababu inampa saa za kutafuta riziki na bado jioni mtoto yuko kwake. Ikishindikana, bweni la wiki, pale lilipo karibu kiasi cha kumrudisha kila Ijumaa, ni bora kuliko la muhula.

Kijana kiziwi aliyesoma shule ya viziwi na sasa anajikwaa jioni, anamwaga maji pembeni mwa glasi, au hawaoni wenzake wanaomwita kutoka ubavuni: apimwe macho haraka. Huenda ni sindromu ya Usher, ambapo uoni wa usiku na wa pembeni hupotea taratibu. Usimhamishe. Lugha yake na rafiki zake wako hapo. Waombe walimu wafanye alama ndani ya eneo dogo mbele ya kifua, kwenye mwanga, na aanze sasa kusoma alama kwa kugusa mikono ya wenzake pamoja na breli na fimbo, wakati macho bado yanamsaidia kujifunza.

Na aliyekwisha kumpeleka mtoto mahali: baada ya wiki sita, mpime tena. Uzito, ngozi, usingizi, alama mpya ngapi na za zamani ngapi zimebaki, shimesikio iko sikioni au sandukuni, na robo saa za siku moja ya kawaida ambayo wewe ndiye uliyechagua kuja, bila kutoa taarifa. Uzito ukiwa umeshuka au mikono imerudi kifuani, zungumza na shule siku hiyohiyo, mpe mwalimu na mhudumu wa bweni mwezi mmoja wenye makubaliano yaliyoandikwa, na urudi tena kuhesabu. Hesabu isipobadilika, mwondoe.